Makaburi Yaliyofagiwa kwa Ajili ya Wageni

Ofisi ya Wageni
Cane Fork, Alabama
7 Machi 1994

Shangazi Ozella,

Shikamoo. Kama goti limekubali, sogea dirishani penye mwanga, maana humu ndani ya bahasha kuna kitu cha kusomwa taratibu. Kijitabu chetu kimetoka.

Nimekihangaikia tangu niliporudi kutoka Atlanta kushika kazi hii, na nakuambia bila haya kwamba ni kizuri. Unavikumbuka vijitabu vya zamani: nyumba kubwa za nguzo nyeupe, bustani za nyumba kubwa za nguzo nyeupe, basi. Mgeni angeweza kukaa Cane Fork wiki nzima asijue kama kuna mtu mweusi aliyewahi kuishi hapa, mbali na yule aliyemletea chai. Safari hii niligoma. Nimeweka kwaya ya kanisa la Mount Nebo, nimeweka mablanketi ya viraka ya kina Bi Eula, nimeweka karanga za kuchemsha, mashindano ya nyumbu, na kambare wa kukaanga nyuma ya kanisa. Meya Whitlow aliguna kidogo, kisha akatia sahihi.

Fungua ukurasa wa katikati. Hapo nimekuwekea jambo la kukufurahisha wewe hasa. Sikuambii ni lipi.

Wiki ya Wageni inaanza Jumamosi ya tarehe ishirini na moja Mei, na mabasi yanakuja mpaka kutoka Ohio. Nimeambiwa nitafute mzee wa kupanda gari la mbele kwenye maandamano, na kwa upande wa kina Hargrove mzee aliyebaki ni wewe. Njoo, Shangazi. Utafikia kwangu. Utaiona na ofisi yangu, nimepanga vyombo vya kale dirishani na kila anayeingia anavisifu. Baba angekuwa hai angetembea kifua mbele.

Binti wa kaka yako,
Charlesetta


Detroit
19 Machi

Setta mwanangu,

Marahaba. Jumapili ulipopiga simu Lemuel alinishikisha sikioni, nikasikia upepo mtupu. Mimi niandikie.

Kijitabu nimekimaliza chote, pamoja na matangazo. Patrice, mke wa mwanangu Lemuel, amekitazama akasema hakujua kama Alabama kuna rangi namna hiyo. Nimemwambia rangi ipo na chumvi ipo, twende wote ukajifunze kuitia kwenye chakula. Amecheka. Ni mtoto mzuri, tatizo lake ni jikoni tu.

Ukurasa wa katikati nimeuona. Kwaya. Eula nimemtambua kwa kofia, nikalia kidogo, asante sana. Na yale makaburi upande wa pili wa ukurasa, yasiyoandikwa jina, ya kina nani? Mazuri mno. Majani yamekatwa kama zulia, hakuna hata kijiti. Nadhani ni ya wale wa nguzo nyeupe. Ya kwetu hukuyaweka, na umefanya la maana. Mgeni akiona juu ya kaburi kikombe kilichovunjwa, saa iliyosimama na taa isiyo na kioo, atasema tumewatupia wafu wetu takataka. Asiyejua maana haambiwi maana.

Nitakuja. Hilo gari la mbele nitapanda kama mnataka kucheka, lakini siji kwa ajili yake. Nakuja kukaa na Dovie wangu. Wewe hukumjua, hata baba yako alikuwa bado kijana. Alikuwa na miaka minne, homa ikamchukua upesi. Jiwe la kaburi hatukuliweza. Nilimwekea kikombe chake cheupe chenye ndege mwekundu, cha mwisho alichonywea maji. Nikakitoboa kitako mwenyewe kwa msumari, kama mama alivyonifundisha, ili mnyororo wa vifo ukatike pale pale na kifo kisirudi kumwita mwingine nyumbani. Mwaka uliofuata tukahamia huku. Kila niliporudi sikumwuliza mtu alipo mwanangu. Niliingia getini nikamtafuta ndege.

Sasa daktari anasema moyo wangu hautaki safari nyingi. Nataka kupatazama vizuri nimweleze Lemuel, siku yangu ikifika anilaze ubavuni mwake. Hiyo ndiyo haja yangu kubwa, sina nyingine. Hebu pita pale uniambie kama kikombe kimekaa sawa. Mvua za huko huwa zinakilaza.

Shangazi yako,
Ozella


Cane Fork
14 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana.

Nimekuwa nikiifikiria safari yako. Basi la kutoka Detroit linamchosha hata kijana, sembuse mwenye goti. Halafu wanasema Mei hii joto litakuwa la kuua. Bomba la nyumbani kwangu limepasuka, na fundi hapatikani. Watu watajaa hata pa kukaa pasipatikane. Gari la mbele nalo wamebadili mawazo, huenda wakampandisha dada wa Meya.

Kwa nini tusingoje Oktoba? Wageni watakuwa wameondoka, hewa nzuri, tutakaa kwa utulivu sisi wawili. Makaburini sijapata nafasi ya kupita, ila mvua si nyingi mwaka huu.

Msalimie Patrice.

Charlesetta


Detroit
18 Aprili

Charlesetta,

Barua yako nimeisoma. Joto, bomba, watu kujaa, dada wa Meya. Umesahau nzige na vyura.

Mimi ni mzee, sijawa mjinga. Najua ninavyoonekana na ninavyozungumza. Mwaka ule ulipokuja hapa na rafiki yako wa chuo, mlinikuta nakula mkate wa mahindi nimeuvunjia kwenye bakuli la maziwa ya mgando. Yule msichana akakuuliza nakula nini, ukamjibu kwa sauti ya chini, "Ni mazoea yao." Yao. Nilikusikia, nikaendelea kula.

Kama unaona nitakuaibisha mbele ya watu wako wa Ohio, ungesema hivyo, nikakaa kwangu. Lakini gari la mbele sikuliomba mimi. Niliomba kukaa kwenye majani na mtoto wangu. Hapo ningemwaibisha nani?

Lemuel alishanikatia tiketi. Nimemwambia airudishe.

Ozella Hargrove Binion


Cane Fork
24 Aprili

Shangazi,

Usirudishe tiketi. Au irudishe, lakini iwe kwa sababu ya kweli, si hiyo uliyoiandika. Wewe huniaibishi. Ule mkate na maziwa nimeukumbuka leo, nikajifunika uso peke yangu jikoni. Hata hivyo ninalokuandikia ni kubwa kuliko hilo, na nimelikimbia vya kutosha.

Makaburi uliyoyasifu ni ya Mount Nebo. Ni ya kwetu. Ndilo jambo nililosema litakufurahisha.

Februari nilikwenda pale na wafanyakazi wa manispaa, mashine za kukata majani na pikapu. Nilitaka mabasi yasimame kwenye makaburi yetu kama yanavyosimama kwenye yao. Nikaona vikombe, sahani, saa, taa, chupa za bluu, makombe ya baharini, nikasema hatuwezi kuwaonyesha wageni uchafu huu. Nilipokuwa mtoto baba alinileta kila sikukuu ya kanisa, tukala chini ya miti, lakini upande wa makaburini tulikatazwa kucheza. Nikakua nikidhani walevi ndio wanaotupa vitu vyao pale. Sikuambiwa, na mimi sikuuliza. Nilisimama nikawaelekeza wanaume kwa kidole, hiki na kile. Vyote vilikwenda kwenye jalala la kaunti, na jalala limeshafukiwa.

Wazee waliona. Shemasi Purvis alisimama getini amevua kofia mpaka tulipomaliza. Juzi nimekwenda kumwuliza kwa nini hakunizuia. Akasema, "Wewe ni Hargrove. Tulijua umetumwa na Ozella."

Kikombe kipo, Shangazi. Nilikipenda, nikakiokota kwa mkono wangu, nikakifuta udongo, nikakiweka dirishani ofisini. Nimetia kalamu ndani. Wageni huchukua kalamu humo wanapoandika majina yao. Barua yako niliisomea mezani, nikafika kwenye ndege mwekundu, nikainua macho, naye yupo ananitazama.

Nilikiokota wapi, sikumbuki, na hapo ndipo penye msiba. Nimezunguka pale mara nyingi. Shemasi anasema Dovie yuko karibu na mwerezi uliopigwa radi. Bi Eula anaapa ni upande wa barabara. Ardhi yote imelala sawasawa, hakuna pa kuanzia. Nimempoteza mwanao, na wewe ulikuwa umenitaka nipite tu kumtazama.

Zile habari za joto niliziandika kwa sababu sikuwa na uso wa kukuandikia hizi. Bomba halijapasuka.

Charlesetta


Detroit
6 Mei

Charlesetta,

Nimechelewa kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Patrice aliokota vipande akavisoma, akasema, Mama, maneno haya hayatumwi kwa posta.

Tiketi haikurudishwa. Nafika tarehe ishirini. Toa kalamu zako humo. Usikioshe.

Na usimwambie mtu yeyote kwamba mimi sikukutuma. Wakiuliza, nilikutuma. Aibu ya kina Hargrove haitaanikwa barabarani wiki ambayo mji umejaa wageni.

Ozella


Cane Fork
3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Lemuel amesema umefika salama na goti limevimba. Pole.

Siku zote ulizokaa kwangu uliniambia maneno machache, na kwa adabu, kama mtu aliyefikia hotelini. Sikulalamika. Nilikupikia mkate wa mahindi na kukuwekea maziwa, ukala, ukashukuru. Ningefurahi zaidi kama ungenitupia bakuli.

Najua uliyoyafanya makaburini, sina haja ya kukusimulia, ila nataka ujue kwamba niliyaona. Ulivua viatu getini. Ulikwenda kwenye mwerezi ukasimama, ukaenda upande wa barabara ukasimama, ukarudi. Ukaniuliza kama mashine zilipita kote, nikasema kote. Mwisho ukaketi katikati, kwenye majani matupu, kikombe mapajani. Basi la kwanza likafika, yule mama wa kofia ya njano akakupiga picha kwa kuwa ulipendeza, na mimi mwenye ofisi ya wageni nikashindwa hata kumwambia aache. Tulipokuwa tunarudi garini ulisema, "Nilizoea kumtafuta ndege. Sikujifunza kutafuta kingine." Ukageukia dirisha.

Halafu Jumapili. Mchungaji Gaines alinisimamisha mbele ya kanisa zima, akanishukuru kwa kuyapendezesha makaburi, akamshukuru na Dada Ozella aliyetoa ruhusa kutoka Detroit. Watu wakasema amina, lakini za midomoni tu. Bi Eula hakusema. Mumewe alikuwa na bakuli lake la sukari pale makaburini. Alikutazama wewe, hakunitazama mimi. Miaka yote mliyoimba pamoja, akakutazama vile. Na wewe ukainuka kwenye benchi, ukainamisha kichwa, ukaipokea lawama yangu ikiwa imefungwa kama zawadi. Nilitaka sakafu inifunike. Bado nikapiga makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga.

Uliondoka Jumanne. Jumamosi lilikuja basi la mwisho, na wazee walikuwepo kwa ajili ya kambare. Kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi niliyoiandika mwenyewe inayosema hapa ni mahali pa amani na utulivu. Nilisoma mstari mmoja. Kisha nikasema, "Shangazi yangu hakunituma. Hakujua. Ni mimi." Nikawaeleza watu wa Ohio vilivyokuwepo pale, na kwa nini vilivunjwa, na nani alivitupa. Nikawaeleza habari za Dovie, na kwamba huenda wamesimama juu yake, na mimi pia. Wakatazama viatu vyao, mmoja mmoja wakarudi njiani. Mwanamke mmoja aliuliza kama bado wanaruhusiwa kupiga picha.

Bi Eula aligeuka akaondoka. Nikajua ndiyo basi, hata salamu sitapata tena kwake. Kumbe alikwenda nyumbani. Akarudi na bakuli lingine la sukari, lile la maua analotumia mwenyewe, akaligonga kwenye nguzo ya geti mpaka likapasuka, akaliweka kwenye majani. Nilimwuliza kama anapakumbuka pale alipo mumewe. Akasema, "Hapa hapa karibu." Ndiyo maneno aliyoniambia. Jumapili baada ya ibada walikuja wengine. Shemasi Purvis ameleta saa ya mama yake.

Meya ameniita Jumanne ijayo. Nasikia kijitabu kitachapwa upya bila ukurasa wa katikati, na huenda bila mimi. Sitapinga.

Kikombe uliniachia mezani jikoni. Kipo pale pale. Sikukiosha.

Nimevunja amri yako, Shangazi. Uliniomba jambo moja makaburini nikalishindwa, ukaniomba la pili nikalivunja mbele ya basi zima.

Charlesetta


Detroit
15 Juni

Setta,

Marahaba. Goti limepungua. Patrice ananikanda kwa dawa inayonuka, na chakula ameanza kutia chumvi, sijui nani alimwambia.

Barua ya Eula imetangulia yako. Kurasa nne, na robo tatu ni matusi. Anasema, "Mpwa wako alisimama anatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, lakini alisema." Kisha ameniuliza kwa nini niliubeba uwongo ule kanisani mbele yake, tangu lini tunadanganyana mimi na yeye. Nilidhani nakufunika wewe. Nadhani nilikuwa najifunika na mimi, maana mama gani anayemtegemea ndege wa kwenye kikombe amwonyeshe alipo mwanawe? Hilo nimekuwa nikilala nalo.

Sijakusamehe. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nadanganya, na mwaka huu kwetu uwongo umetosha. Usinihimize. Likija nitakuandikia.

Lakini mambo hayawezi kungoja moyo wangu upoe, kwa hiyo sikiliza. Nimemwambia Lemuel anilaze katikati, pale nilipoketi na kikombe. Wewe unapajua, ulikuwa umesimama hapo. Dovie akiwa upande wa mwerezi ni sawa, akiwa upande wa barabara ni sawa. Alikuwa mtoto wa kuamka kwenye kitanda chake akatambaa gizani mpaka akupate. Atanipata.

Kahawa yangu nainywea kikombe cha kijani chenye ufa kwenye mkono. Patrice amejaribu kukitupa, nimemkataza. Siku ikifika atakifunga kwenye gazeti akutumie. Lemuel mikono yake ya ofisini, atakipasua chote. Utakitoboa wewe. Kitako tu. Kigeuze juu ya kitambaa, tafuta msumari mwembamba na jiwe dogo, gonga polepole, usiwe na haraka kama kawaida yako. Ukilia, lia, lakini mkono usicheze. Kisha ukiweke hapo juu yangu, na cha Dovie ukiweke karibu nacho.

Mpaka wakati huo cha Dovie kitunze wewe. Kalamu zako zinunulie kopo.

Shangazi yako,
Ozella